Kosa halikuwa kuacha kuchanja ndui, bali kuacha kumtafuta mgonjwa

Tarehe 5 Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba mpox, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, haikuwa tena dharura ya afya ya umma ya kimataifa, baada ya hali hiyo kudumu kwa zaidi ya mwaka mmoja tangu Agosti 2024. Tangazo hilo lilipokewa kwa namna mbili, na zote mbili naona zimepotoka. Wapo waliolichukulia kama ruhusa ya kufunga jalada na kwenda kushughulika na mengine. Wapo pia waliorudia hoja inayosikika tangu mlipuko wa mwaka 2022, kwamba mpox ilipata mwanya kwa sababu dunia iliacha kuchanja watu dhidi ya ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na kwamba kama kila mtoto angeendelea kupewa chanjo ile, balaa hili lisingetufika. Hoja hii ya pili inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli, na ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa uangalifu. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa kuacha kuchanja ndui ulikuwa sahihi ulipofanywa, na unabaki sahihi hata tukiutazama leo tukiwa tunajua yaliyofuata. Kilichokosewa ni kingine. Pamoja na chanjo, dunia iliacha pia kazi ya kumtafuta mgonjwa nyumba kwa nyumba, kazi ambayo ndiyo hasa iliyoimaliza ndui, kisha ikaigeuza chanjo yenyewe kuwa akiba ya kijeshi katika maghala ya nchi chache.

Tuanze na ile nusu iliyo kweli. Virusi vya ndui, virusi vya mpox na virusi vya vaksinia, ambavyo ndivyo vilivyomo katika chanjo, ni vya ukoo mmoja, na mwili uliowahi kupambana na aina moja huzitambua nyingine. Takwimu zilizokusanywa Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, katika miaka ya 1980 zilionyesha kwamba chanjo ya ndui ilimkinga mtu dhidi ya mpox kwa takriban asilimia 85. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ukilinganisha miaka hiyo na katikati ya muongo wa 2000 katika maeneo ya nchi hiyohiyo, ulikuta kwamba mpox ilikuwa imeongezeka takriban mara 20, na kwamba waliochanjwa zamani waliugua mara chache zaidi kuliko wadogo zao wasiochanjwa. Hakuna sababu ya kuyabishia hayo. Kwa ujumla, waliozaliwa baada ya mwaka 1980 hawana kinga hiyo, ingawa wengi wao wanadhani wanayo. Nimewahi kuwasikia vijana wakionyeshana kovu la begani na kuliita la ndui, ilhali kovu hilo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Kwa hiyo ni kweli kwamba kundi kubwa la watu wasio na kinga limeota, na ni kweli kwamba virusi vya mpox vimelitumia. Swali ni kama njia ya kuzuia jambo hilo ilikuwa kuendelea kumchanja kila mtoto kwa miaka 45.

Anayesema ndiyo, mara nyingi huwa hajui chanjo ile ilikuwa na bei gani mwilini. Neno lenyewe la chanjo limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi, na chanjo ya ndui iliutendea haki mzizi huo. Sindano ndogo yenye ncha mbili ilichovywa katika dawa, kisha ikadungwa haraka haraka mara 15 mahali pamoja mkononi, na kilichofuata kilikuwa kidonda, usaha, kigaga na kovu la maisha, kwa sababu vaksinia ni virusi hai vinavyozaliana katika ngozi. Kwa wengi mambo yaliishia hapo. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1968 ulionyesha kwamba katika kila watu milioni moja waliochanjwa kwa mara ya kwanza, mmoja au wawili hufariki, na wengine zaidi hupata uvimbe wa ubongo au vidonda vinavyosambaa, hasa wenye ukurutu. Mbele ya ugonjwa uliokuwa ukiua takriban wagonjwa 3 kati ya 10, bei hiyo ililipwa bila kusita. Mbele ya ugonjwa usiokuwepo, kila kifo kilichosababishwa na chanjo kilikuwa kifo cha bure. Uingereza iliacha kuchanja watoto kwa utaratibu wa kawaida mwaka 1971 na Marekani mwaka 1972, wakati ndui bado ipo Asia na Pembe ya Afrika, kwa sababu hesabu ilikuwa imekwisha kugeuka.

Kuna jambo jingine ambalo wanaojutia uamuzi ule hulisahau. VVU vilikuwa vikisambaa kimyakimya Afrika ya Kati hata kabla ya mtu yeyote kuvipa jina. Mwaka 1984 kuruta wa jeshi la Marekani alichanjwa dhidi ya ndui kama desturi ya jeshi ilivyokuwa. Baadaye virusi vya chanjo vikamsambaa mwilini, na ikagundulika kwamba alikuwa na VVU. Huyo alikuwa mtu mmoja, kijana, chini ya uangalizi wa madaktari. Tujaribu kuwaza chanjo hiyohiyo, yenye virusi hai, ikiendelea kutolewa kwa halaiki katika miaka ya 1980 na 1990 katika maeneo yaleyale ambako UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza watu bila dawa wala vipimo. Mpox ya wakati huo ilikuwa ikiambukiza watu wachache vijijini, na mara nyingi mnyororo wa maambukizi ulikatika wenyewe. Dawa ingekuwa hatari kuliko ugonjwa, na lawama ambazo chanjo zote zingebeba baada ya hapo sijui zingefutwa na nani.

Hata tukiliweka kando suala la madhara, bado kuna ushahidi kwamba kuchanja watu wengi bila kuwa macho hakutoshi. Yugoslavia ilikuwa haijaona ndui tangu 1930, na ilikuwa ikiendelea kuchanja raia wake. Mwaka 1972 hujaji mmoja wa Kosovo alirudi kutoka safari iliyompitisha Iraki akiwa na maambukizi, na kabla serikali haijajua kinachotokea ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Mwalimu mmoja aliyeambukizwa katika mlipuko huo aliugua ndui ya kutokwa damu, ambayo haina malengelenge ya kawaida. Madaktari walidhani amedhurika na penisilini, akahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, na akawaambukiza watu 38 kabla ya kufariki. Kwa jumla watu 175 waliugua na 35 wakafa, na nchi ikalazimika kuchanja takriban watu milioni 18 kwa muda wa wiki chache. Kinga ya chanjo za utotoni ilikuwa imefifia, lakini hilo halikuwa tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba madaktari wa kizazi kizima walikuwa hawajawahi kuuona ugonjwa huo kwa macho, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuushuku.

Hapa ndipo historia ya ndui inapohitaji kusimuliwa upya, maana simulizi iliyozoeleka ni fupi mno: Edward Jenner akagundua chanjo mwaka 1796, watu wakachanjwa, ndui ikaisha mwaka 1980. Kati ya miaka hiyo miwili kuna karne karibu mbili, na katika karne ya 20 peke yake ndui inakadiriwa kuwa iliua watu milioni 300. Chanjo ilikuwepo muda wote huo. Viktor Zhdanov wa Umoja wa Kisovyeti alipolishawishi Baraza la Afya Duniani mwaka 1958 kwamba ugonjwa huu unaweza kufutwa kabisa, na hata mpango ulipopewa nguvu mpya mwaka 1967 chini ya daktari Mmarekani D. A. Henderson, wazo lililotawala lilikuwa kuchanja angalau asilimia 80 ya watu katika kila nchi yenye ndui. Mwaka huo wa 1967 wagonjwa walikadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na milioni 15. India ilikuwa na mpango wa taifa wa kuchanja tangu 1962, ilitoa mamia ya mamilioni ya dozi, na bado ndui iliendelea kuzunguka, kwa sababu katika nchi yenye watu wengi namna ile, asilimia ndogo isiyofikiwa ni mamilioni ya watu, na mara nyingi ni maskini wanaohamahama kutafuta kazi na wanaolala pamoja katika chumba kimoja.

Mabadiliko yalikuja kwa sababu ya uhaba. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alijikuta na mlipuko mbele yake na dozi zisizotosha kuchanja eneo zima. Yeye na wenzake waliwaomba wamisionari wenye redio za mawasiliano waulizie wagonjwa wako vijiji gani, kisha dozi chache walizokuwa nazo zikapelekwa huko tu: kwa jamaa wa mgonjwa, majirani zake, na mahali ambapo ugonjwa ungeelekea baadaye kwa kufuata njia za sokoni na za ukoo. Mlipuko ulizimika ingawa wengi wa wakazi hawakuwa wamechanjwa. Njia hii ilifaa kwa sababu ya tabia za ndui yenyewe. Haikuwa na mnyama wa kuihifadhi. Mgonjwa hakuambukiza wengine kabla ya kuanza kuugua. Upele ulijitokeza usoni na mikononi ambako kila mtu aliuona. Na mtu aliyekwisha kukaribiana na mgonjwa aliweza kukingwa ikiwa angechanjwa ndani ya siku chache. Kuanzia mwaka 1973 India iliwatuma watumishi zaidi ya 100,000 kupita nyumba kwa nyumba wakiwa na kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza swali moja tu: umemwona mtu wa namna hii? Zawadi ya fedha ilitolewa kwa aliyetoa taarifa ya kweli. Makovu ya uso yaliwasaidia watafutaji kujua ndui ilipita kijijini mwaka gani, na makovu ya mkono yaliwaonyesha nani alichanjwa; mwili wa mwanakijiji ulikuwa daftari la takwimu kabla ya daftari lolote la wizara. Mgonjwa wa mwisho wa ndui kali ya asili, mtoto wa kike katika kisiwa cha Bhola nchini Bangladesh, alipatikana mwaka 1975.

Mgonjwa wa mwisho kabisa wa ndui ya asili, Ali Maow Maalin, anaeleza mengi kuliko kitabu cha kanuni. Alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, na Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili amwonyeshe dereva njia, safari ya dakika chache tu. Alikuwa hajachanjwa ingawa alifanya kazi hospitalini; alieleza baadaye kwamba aliiogopa sindano. Alipougua alidhaniwa kwanza kuwa na malaria, kisha tetekuwanga. Aliyemwokoa yeye na mji wake ni muuguzi aliyefanya naye kazi, aliyeshuku na kutoa taarifa. Baada ya hapo watu zaidi ya 50,000 walichanjwa katika muda wa wiki mbili, waliokaribiana naye wakafuatiliwa mmoja mmoja, na ndui ikafia hapo. Chanjo ilikuwa lazima iwepo, lakini bila muuguzi yule ingechanjwa mikono mingi sana mahali pasipotakiwa. (Maalin alipona, na miaka mingi baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio nchini mwake, akiwaambia wazazi habari za woga wake mwenyewe, hadi alipofariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.)

Upande wa pili wa mjadala wako wanaoipinga chanjo yenyewe, nao pia hupenda kuitumia ndui. Hoja yao dhaifu kuliko zote ndiyo inayoenea kwa kasi zaidi, kwamba ndui ilikuwa inaisha yenyewe kwa sababu ya usafi na maji safi. Ndui haikuenea kwa maji machafu. Ilienea kwa pumzi na kwa kugusana, na haikubagua kasri na kibanda. Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa alikufa kwa ndui mwaka 1774 akiwa na kila starehe ambayo karne yake iliijua. Somalia na Bangladesh hazikupata mabomba ya maji kwa ghafla kati ya 1975 na 1977. Wengine husema chanjo ni kitu cha kigeni kilicholetwa na wakoloni, nao pia hukosea: kabla ya Jenner, watu wa Asia na Afrika walikuwa wakichukua usaha wa mgonjwa mwenye ndui nyepesi na kuupaka katika chale za mtu mzima wa afya, na mjini Boston mwaka 1721 maarifa hayo yalifika kwa madaktari kupitia Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, aliyeeleza kwamba alichanjwa hivyo kwao. Utaratibu huo uliua baadhi ya watu, lakini uliua wachache mno kuliko ndui iliyompata mtu yenyewe.

Hoja yao yenye uzito ni nyingine, nayo ni ile ya lazima. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1853 iliwalazimisha wazazi kuchanja watoto wachanga, na walioumia zaidi kwa faini walikuwa maskini. Mwaka 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana mjini Leicester, na mwaka 1898 sheria ikarekebishwa ili kumruhusu mzazi kukataa kwa sababu za dhamiri. Rio de Janeiro, Novemba 1904, sheria ya lazima ilikuja wakati huohuo ambapo nyumba za maskini zilikuwa zikibomolewa katikati ya mji. Ghasia zikalipuka, serikali ikaiondoa lazima hiyo, na mwaka 1908 ndui ikarudi kwa kishindo. Hata katika miaka ya mwisho ya kampeni Asia Kusini kuna kumbukumbu za milango iliyovunjwa usiku na watu walioshikwa kwa nguvu wakachanjwa. Sitatafuta namna ya kuyapamba hayo. Lakini tukiitazama Leicester kwa makini, haituambii kile ambacho wapinzani wa chanjo wanataka ituambie. Mji huo uliokataa kuchanja watoto wote ulijiwekea utaratibu mkali: kila mgonjwa aliripotiwa mara moja, akatengwa hospitalini, jamaa zake wakawekwa karantini na kushauriwa kuchanjwa, na waliomhudumia walikuwa wamechanjwa. Kwa maneno mengine, Leicester iliacha kuchanja halaiki ikashika kumtafuta mgonjwa na kuwachanja walio karibu naye, miongo mingi kabla ya Foege. Tofauti yake na mkaidi wa leo ni kwamba mkaidi wa leo anaikataa sindano na anaukataa ufuatiliaji pia, na hapo hana mahali pa kusimama.

Turudi mwaka 1980. Tume iliyothibitisha kutokomezwa kwa ndui haikuwa imesahau mpox. Iliijua vizuri, kwa sababu mgonjwa wa kwanza wa binadamu, mtoto wa miezi tisa, aligunduliwa Zaire mwaka 1970 wakati watafutaji walipokuwa wakiisaka ndui. Walijiuliza kama inafaa kuendelea kuchanja kwa ajili ya ugonjwa huu, wakaamua haifai, wakashauri badala yake uangaliwe kwa karibu. Kati ya mwaka 1981 na 1986 ukafanyika ufuatiliaji wa dhati nchini Zaire, ukapata wagonjwa 338 na kuonyesha kwamba wengi waliambukizwa na wanyama. Ushauri ule ulikuwa na miguu miwili, kuacha kuchanja na kuendelea kutazama, na ndani ya miaka michache mguu wa pili ulikatwa. Baada ya 1986 taarifa za mpox zilikuwa chache mno, na wasiojua walidhani ugonjwa umepungua. Haukupungua. Mlipuko wa Kasai Mashariki mwaka 1996 na 1997 ulionyesha hivyo, kisha vita vya Kongo vikafanya hata hicho kidogo kilichokuwa kikihesabiwa kisihesabike. Virusi vilipewa robo karne ya kufanya majaribio yao kwa binadamu bila shahidi. Tawi jipya la virusi hivyo, liitwalo Ib, lilipojitokeza Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, mwaka 2023, lilikuwa tayari limejifunza kupita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kugusana kwa karibu, zikiwemo njia za kujamiiana, na wahudumu wa afya walikuwa wakilikimbiza kwa nyuma.

Wakati huohuo chanjo haikuwa imetoweka, ilikuwa imehama. Baada ya Septemba 2001 hofu ilikuwa kwamba mtu angeweza kuitumia ndui kama silaha, ama kutoka katika akiba mbili za virusi zilizobaki, Atlanta nchini Marekani na Koltsovo nchini Urusi, ama kutoka mahali pasipojulikana. Hofu hiyo si ya kubuni tu: mwaka 2014 vichupa vya ndui vya miaka ya 1950 vilikutwa katika chumba cha baridi karibu na Washington ambako havikupaswa kuwepo, na mwaka 2018 wanasayansi wa Kanada walichapisha maelezo ya jinsi walivyovitengeneza maabara virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa karibu wa ndui ya binadamu, kutokana na vipande vya jeni vilivyoagizwa kwa posta. Kutokana na hofu hiyo zikapatikana fedha za kuikamilisha chanjo ya MVA, iliyotokana na vaksinia iliyodhoofishwa kwa kupitishwa zaidi ya mara 500 katika seli za viinitete vya kuku hadi ikashindwa kuzaliana katika mwili wa binadamu. Ni chanjo salama kuliko ile ya zamani, hata kwa mwenye VVU. Lakini ilinunuliwa kwa ajili ya adui wa kufikirika. Mamilioni ya dozi yaliachwa yakaisha muda katika ghala la Marekani, huku ugonjwa wa kweli wa ukoo uleule ukiwaua watoto Kongo. Mpox ilipofika Ulaya na Marekani mwaka 2022, dozi zilitoka ndani ya wiki chache. Nigeria ilipokea msaada wa dozi 10,000 mwishoni mwa Agosti 2024, na Kongo ikapata shehena yake ya kwanza tarehe 5 Septemba 2024, miaka miwili baadaye. Ukiniuliza ni uamuzi gani uliotuletea dharura, nitataja huu kabla ya ule wa 1980.

Kuna pingamizi moja dhidi ya msimamo wangu ambalo siwezi kulipita. Mpox si ndui. Ina wanyama wanaoihifadhi msituni, kwa hiyo haiwezi kufutwa duniani kwa kuwachanja binadamu pekee. Upele wake unaweza kuwa mdogo na kufichika sehemu za siri, na mgonjwa mwenye aibu hujificha pamoja nao. Kuwataja waliokaribiana naye ni kazi ngumu pale ambapo jina la mpenzi ni siri, au pale ambapo kutajwa kunamletea mtu matusi, kufukuzwa kazi au hata kushtakiwa. Kwa hiyo kuna wanaosema njia ya Foege haifanyi kazi hapa, na kwamba turudi kwenye chanjo ya halaiki. Nakubaliana na maelezo yao, ila si na tiba yao. Ndui nayo ilifichwa. Familia zilificha wagonjwa kwa hofu ya kutengwa na kuchanjwa kwa nguvu, na watafutaji wa India walijifunza kwamba taarifa huja kwa anayeaminiwa na kulipwa, haiji kwa anayevunja mlango. Ugumu wa kumfikia mgonjwa wa mpox ni sababu ya kutafuta watafutaji wanaokubalika kwa wachimbaji, kwa makahaba, kwa madereva wa malori na kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, na kwa serikali kuacha kuwatisha watu hao. Halafu chanjo iende kwao, kwa jamaa zao, kwa watoto wa maeneo yenye maambukizi ya mara kwa mara, na kwa wahudumu wa afya, hata kama hiyo itakuwa kampeni kubwa katika wilaya fulani. Kumchanja kila mtoto duniani kwa sindano mbili zinazopishana wiki nne, kwa dozi zisizotosha na za bei kubwa, ni njia ya hakika ya kuzipeleka kwa wasiozihitaji kwanza.

Mwisho wa dharura, basi, unapaswa kusomwa kwa tahadhari. Dharura huleta fedha za muda, na fedha za muda huajiri watu wa muda. Zinapoisha, wa kwanza kuondolewa ni yule anayetembea kwa miguu kuuliza nani ana upele, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri haionekani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1986. Nchi wafadhili hupenda kuhesabu dozi zilizofika uwanja wa ndege, maana dozi hupigwa picha. Kampeni nzima ya kutokomeza ndui kuanzia 1967 iligharimu takriban dola milioni 300, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililipwa na nchi zilizokuwa na ugonjwa zenyewe, kwa mishahara ya watu wa kawaida waliopita nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo nikisikia wizara ya afya ikitangaza kwamba imeidhibiti mpox, takwimu ninayoitaka si idadi ya waliochanjwa. Nataka kujua ni siku ngapi zilipita kati ya lengelenge la kwanza la mgonjwa na taarifa ya kwanza kumhusu, nani aliyeitoa, na kama mtu huyo bado yuko kazini mwaka huu.